Swala Isiyo na Rukuu

Alhamisi, 12 Aprili 1979. Arua

Naanza leo, na ninajiahidi kuandika yote. Ya kheri na ya aibu. Hakuna atakayesoma ila mimi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuficha.

Nimechota maji. Nimefagia uani. Habuba, bibi yangu, anasuka tabaga, ile mifuniko ya chakula ya rangi wanayosuka bibi zetu wote. Alinituma sokoni kutafuta uzi mwekundu. Hakuna uzi. Hakuna hata sukari. Maduka mengi yamefungwa na wenyewe wamekwenda.

Shule nayo imefungwa. Siku ya mwisho Mwalimu Agnesi alituambia tuandike kila tunapopata nafasi, Kiswahili safi, sentensi fupi, na uongo usiingie. Yeye alisomea pwani. Alikuwa akitusimamisha nje tukisema "kitabu iko hapa". Nyumbani kwetu kila mtu anasema iko. Mama anasema Kiswahili changu ni cha redio.

Redio yenyewe imebadilika. Tangu jana anasema mtu mwingine, sauti nyingine. Mji mkuu umeanguka. Mama aliizima, akaifunika kwa kitambaa kama vile ingeweza kuwaka yenyewe.

Kaka yangu Rajabu ni askari na yuko huko kusini. Hatujui wapi. Alikwenda jeshini kama marehemu baba, na kama babu aliyetoka Sudani na bunduki begani. Kwetu mvulana haulizwi. Watu husema mimi na Rajabu tulikatwa katika kitambaa kimoja. Pua ileile, nyusi zilezile.

Nina hofu. Lakini natumaini.


Alhamisi, 19 Aprili

Amerudi. Alhamdulillahi.

Amekuja alfajiri juu ya lori la pamba, amelala kati ya magunia. Risasi imepita kwenye paja la kushoto. Amefunga kwa mkono wa shati. Bunduki aliitupa mtoni Pakwach. Alipotuambia hivyo Mama alikaa chini.

Alicheka aliponiona. Akaniuliza kama bado natafuta mume anayejua ngeli. Nikalia.


Jumapili, 22 Aprili

Tunamficha chumbani kwa Habuba. Mama anamwosha jeraha kwa maji ya chumvi na majani aliyopewa na jirani yetu Mlugbara wa Pajulu. Jirani hakuuliza majani ni ya nani. Aliacha na muhogo.

Askari wanaorudi kutoka kusini wamejaa mjini. Wanachukua magari. Wanachukua baiskeli. Binti wa fundi viatu alichukuliwa mchana na hajaonekana. Mama amenikataza kisimani. Sasa anachota yeye.


Jumatano, 2 Mei

Mguu umevimba. Una joto.


Jumamosi, 5 Mei

Leo wamepita na kipaza sauti. Kila askari aliyerudi ajiandikishe kambini na silaha yake. Atakayekutwa nyumbani ni mtoro, na mtoro atapigwa risasi mbele ya mlango wake. Nyumba iliyomficha nayo itajua.

Rajabu hawezi kusimama. Silaha yake iko chini ya Nile.

Mama anataka twende Kuluba, kwao alikozaliwa, kwa kaka yake, Mjomba Sadiki. Ni mbele ya Koboko, karibu na mpaka wa Sudani. Kule kukichafuka tunavuka. Jirani yetu Mzee Kasimu ana pikapu ya kubebea tumbaku. Alikuja jioni akakaa kibarazani na kofia yake mapajani. Alisema maneno ya kweli. Gari la wanawake peke yao halifiki Maracha. Watachukua gari, watachukua Mariamu, yaani mimi, na huyu mgonjwa watammaliza hapohapo.

"Mimi nataka askari moja mbele," alisema. "Na nguo yake na kipande yake. Askari naogopa askari mwenzake. Mimi na ndevu zangu hakuna mutu naniogopa."

Mama alisema askari wetu ndiye mgonjwa.

Kisha Habuba, ambaye hata sikujua kama anasikiliza, aliacha kusuka akanitazama mimi. Alinitazama usoni kwa muda, kama anavyotazama uzi kabla ya kuukata.


Jumatatu, 7 Mei

Niandike sawasawa kama nilivyoahidi.

Shauri ni la Habuba. Rajabu atakuwa maiti. Mimi nitakuwa Rajabu.

Habuba ana sanda yake sandukuni. Wazee wengi hapa wanayo. Ya kwake aliletewa na mtu aliyekwenda Makka, imelowekwa maji ya Zamzam, imekunjwa na kafuri ndani. Kila mwaka kabla ya Ramadhani huianika juani na kuirudisha. Tulikuwa watoto tukimcheka. Leo aliitoa akaiweka kitandani kwa Rajabu.

Mama alikataa. Alisema aliye hai hafungwi sanda, ni kumwita Israili, mtoa roho, kwa jina. Alisema hata akifa yeye njiani ni afadhali. Habuba alimwacha aseme mpaka akachoka. Halafu akasema:

"Wewe nangoja wakuje wamfunge na kamba?"

Mama ndiye aliyeninyoa. Nywele zangu zimeanguka kwenye kanga yake na hakuzitupa. Amezifunga fundo. Matundu ya masikio Habuba ameyaziba kwa sabuni iliyochanganywa na masizi. Kifua nimefungwa kwa kitambaa cha gurbaba kuukuu, vile vitambaa vya kiunoni vya Habuba, mpaka pumzi inapanda juu tu. Buti za Rajabu tumezijaza matambara. Kipande chake, kile kitambulisho chenye picha, kiko mfukoni mwa shati.

Nilijitazama kiooni. Nilimwona yeye alipokuwa wa miaka kumi na sita.

Rajabu alinipigia saluti akiwa amelala. Akanifundisha nisikunje mikono kifuani kama msichana anayesubiri chapati. Nisiseme sana. Nikiulizwa, nijibu na kutazama pembeni, kama mtu aliyefiwa. Nikamwambia hilo halitakuwa gumu.

Naogopa sana. Mwandiko umepinda, Mwalimu angeniambia nirudie.


Jumanne, 8 Mei. Kuluba

Tumefika. Sote.

Nitaandika kwa utaratibu.

Tuliondoka asubuhi. Mzee Kasimu kwenye usukani, mimi pembeni yake. Nyuma Mama na Habuba wamekaa sakafuni mwa pikapu, Rajabu kati yao ndani ya sanda, turubai juu. Pamba puani. Kafuri. Mguu wake ulikuwa ukinuka kabla hatujatoka mjini. Namshukuru Mungu kwa harufu ile na ninaichukia.

Vizuizi vya kwanza tulivipita. Waliona nguo, wakaona sanda, wakapunga mkono. Mmoja alinipa pole na sigara. Nimeitunza, sijui kwa nini.

Kizuizi kikubwa kilikuwa mbele ya Maracha. Gogo barabarani, askari wengi, wengine wamelewa mchana ule. Mkubwa wao alikuwa koplo mzee mwenye ndevu nyeupe, tasbihi imefungwa kwenye mkanda wa risasi. Msaidizi wake kijana alizunguka nyuma akacheka.

"Maiti tena? Juzi maiti ilipita hapa, tukafungua, kumbe godoro na redio mbili."

Alinyanyua turubai kwa mtutu wa bunduki. Harufu ilimpata. Akarudi nyuma akatema mate.

"Hii ya kweli," alisema.

Koplo aliniuliza bunduki iko wapi. Nikasema imebaki kambini, nimepewa ruhusa ya kuzika tu. Nilitazama pembeni kama nilivyofundishwa. Alitazama kipande, akanitazama, akakirudisha. Nilidhani imekwisha. Mzee Kasimu alishaweka gia.

Koplo akaanza kuvua buti.

Alisema huyu ni askari Mwislamu na hapiti kwake kama gunia la muhogo. Lazima aswaliwe. Mzee Kasimu alisema ameshaoshwa na ameshaswaliwa Arua. Koplo alikuwa tayari anatawadha kwa maji ya kibuyu.

"Hakuna mutu iliumizwa na dua mbili, mzee."

Wakamshusha. Wanne, mabegani, hadi kwenye majani kando ya barabara. Mama alishika kitambaa cha kichwa chake kwa meno. Askari walijipanga safu, hata walevi, wamevua buti. Koplo akauliza ndugu yake nani. Wote wakanitazama.

"Simama mbele, kijana. Haki yako."

Mimi najua kuswali. Nilisoma madrasa ya wasichana, nimehitimu juzuu tatu. Lakini kwetu wanawake hawasimami kwenye swala ya maiti. Alipokufa baba nilikuwa chumbani na Mama, mlango umefungwa, tukasikia nyayo zikiondoka. Sijawahi kuiona. Hakuna aliyewahi kunieleza. Sikujua kwamba kuna kitu cha kueleza.

Nikasimama. Mbele yangu kaka yangu mzima, usoni amefunikwa, kifua chake hakipandi. Sijui aliwezaje. Nikainua mikono nikasema Allahu Akbar kwa sauti nzito niliyoweza. Nikasoma Fatiha. Nikasema tena Allahu Akbar, na nikarukuu.

Nikiwa nimeinama nilisikia kimya. Mtu ukirukuu mbele ya watu unasikia nguo zao zinainama nyuma yako. Sikusikia nguo hata moja. Walikuwa wamesimama wote.

Nilijua nimekosea. Sikujua nimekosea nini. Nikainuka. Nikasema Allahu Akbar tena, nikasimama tu, nikasema tena kwa sababu koplo nyuma yangu alikuwa ameanza kunong'ona takbiri kabla yangu, nami nikamfuata kama mtoto. Alitoa salamu, nikatoa salamu.

Yule kijana alicheka wazi.

"Afande, imamu yetu amelewa kuliko sisi?"

"Amefiwa," koplo alisema. "Siku yako ikifika hata jina ya mama yako utasahau. Toa hiyo gogo."

Wakamrudisha kwenye gari. Koplo mwenyewe alifunga turubai, pole pole, kila kamba. Kisha akaja dirishani kwangu akainama kana kwamba ananipa mkono wa rambirambi. Alisema chini, mimi na Mzee Kasimu tu tulisikia.

"Swala ya maiti haina rukuu, binti. Kila mwanaume najua. Na maiti yako natoka jasho kwa sanda. Enda. Enda haraka."

Tulipovuka Koboko Mzee Kasimu alisimamisha gari kando, akashuka, akaenda kutapika.

Sijui jina la koplo yule. Nimemwombea usiku huu kwa rukuu zote nizijuazo.


Jumatano, 9 Mei

Rajabu ananiita Imamu. "Imamu, niletee maji. Imamu, nzi hawa wamekuja kwa maziko." Mjomba Sadiki anacheka mpaka anakohoa. Habuba pia. Mama hacheki.

Mchana Rajabu alinifundisha. Nilikaa karibu na mkeka wake naye akahesabu kwa vidole. Takbiri ya kwanza, Fatiha. Ya pili, kumswalia Mtume. Ya tatu, dua ya maiti. Ya nne, kimya kidogo, halafu salamu. Unasimama tu mwanzo hadi mwisho. Nikamuuliza kwa nini haina rukuu. Akasema ni kwa sababu mtu amelala mbele yako, na mtu hainamiwi.

Alinifanyisha mazoezi. Nikasimama, yeye akafumba macho na kutoa ulimi nje.

"Mara nyingine usiniaibishe," alisema. "Watu walikuwa wamesimama, wewe peke yako uko chini kama unatafuta shilingi."

Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka sana.


Ijumaa, 11 Mei

Homa. Mstari mwekundu umetoka kwenye jeraha unapanda kuelekea tumboni. Mjomba ameuona akatoka nje.

Mama hasemi na mimi. Ananiwekea chakula na kugeuka. Leo nilimfuata jikoni nikamuuliza nimefanya nini. Aliendelea kukoroga. Baadaye akasema, bila kunitazama:

"Umemswalia mwanangu akiwa hai. Mlango ukibishwa hufunguliwa."

Habuba alisikia akasema ni upuuzi, sanda ni kitambaa na swala ni maneno kwa Mungu, na Mungu anajua nani hai nani maiti, haulizi vizuizini. Lakini Habuba mwenyewe halali. Namsikia.

Nimesoma sayansi. Najua ni sumu ya jeraha. Mwalimu alichora ubaoni vijidudu kama nukta. Najua. Na bado maneno ya Mama yameingia.


Jumapili, 13 Mei

Leo nimevaa tena.

Zahanati ya Koboko imevunjwa na mganga wake amekimbilia Zaire. Lakini Mjomba alisikia kwamba kuna mganga wa jeshi anayetibu askari nyuma ya soko, kwenye hema. Askari tu. Raia wanafukuzwa. Mjomba alisema ataenda kubembeleza. Nikasema ninayo nguo.

Mama alikuwa mlangoni. Nilifikiri atanizuia. Aliingia ndani akatoka na kile kitambaa cha kifua, akanifunga yeye mwenyewe. Alivuta kwa nguvu.

Koboko haikuwa Koboko. Soko limejaa magari na vitanda na mbuzi, watu wanauza vyerehani kwa bei ya sabuni ili wapate nauli ya kuvuka. Nilijipanga mstari na majeruhi. Mbele yangu mmoja alikuwa akimwita mama yake kwa Kikakwa. Nilipofika mezani mganga aliniuliza jeraha liko wapi. Nikasema si langu, ni la ndugu yangu, hawezi kutembea. Nikaeleza rangi, harufu, ule mstari. Nilieleza vizuri kama somo.

Alikuwa mtu mchovu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliniuliza mstari umefika wapi. Nikaonyesha kwenye mwili wangu. Alivua miwani akaifuta.

Alinipa vidonge ndani ya karatasi. Alisema nimpe asubuhi na jioni. Alisema nimpe maji mengi na nikae naye. Nilipogeuka kuondoka alisema tena kile cha mwisho, nikae naye.

Njiani nilifurahi. Nilivishika vidonge mkononi hadi Kuluba. Sasa ndipo ninapoelewa alichokuwa akiniambia.

Hapana. Vidonge ni dawa. Atapona. Wiki ijayo nitakuwa nikijicheka.


Alhamisi, 17 Mei

Amekula uji. Ameuliza habari za shule. Nikamwambia itafunguliwa Juni. Nilisema uongo na ninauandika hapa kama uongo.

Alisema nikimaliza shule niwe mwalimu wa Kiswahili nifundishe jeshi zima kusema "maiti yako anatoka jasho" badala ya "natoka jasho". Alimsikia koplo kumbe. Nikamuuliza ulisikia nini kingine. Akasema alisikia kila kitu. Alisikia ndege. Alisikia sauti yangu ikisoma Fatiha, akaona ni nzuri. Alisema mtu hasikii swala yake mwenyewe, yeye ameisikia, ana bahati.

Mama alikuwa amekaa pale. Alitoka.


Jumamosi, 19 Mei

Hanitambui. Ananiita kwa jina la rafiki yake wa jeshini. Ananiambia nitupe bunduki, nitupe, nivuke.

Nikamwambia nimetupa.


Jumapili, 20 Mei

Rajabu amefariki leo baada ya swala ya adhuhuri.


Jumatatu, 21 Mei

Jana sikuweza kuandika zaidi. Naandika leo.

Mjomba na wanaume wa jirani walimwosha. Habuba alileta sanda. Alikuwa ameifua tuliposhuka garini, akaianika, akaikunja, akatia kafuri mpya. Nadhani alijua alipokuwa akiifua. Mjomba alisema hiyo ni yako, mama, tutatafuta nyingine. Hakuna nyingine Koboko nzima, kila kitambaa cheupe kimekwisha. Habuba alisema:

"Ameivaa tayari. Imeshamjua."

Kisha akaketi chini, mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza nikaona ni mzee.

Walimweka uani. Wanaume wakaja, wachache, wengine wakiwa na mizigo yao tayari kwa kuvuka. Wakaanza kujipanga. Nikamwendea Mjomba. Nilimwambia naomba kusimama. Hata nyuma kabisa, hata pembeni. Nilimwambia sasa ninajua, amenifundisha mwenyewe, haina rukuu.

Mjomba si mtu mbaya. Alinishika kichwa, kwenye nywele zinazoota kama za mwanafunzi wa kiume.

"Hapa mwanamke hasimami, mwanangu. Ingia ndani na mama yako."

Niliposema uongo kwa nguo nilikuwa imamu. Niliposema kweli nilirudishwa chumbani. Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani. Naandika tu kwamba nimekasirika.

Sikuingia ndani. Nilipita nyuma ya nyumba hadi nyuma ya ghala la mtama. Kutoka pale unasikia lakini huonekani. Nilijifunika kanga. Nikaelekea kibla. Mjomba alipoinua sauti niliinua mikono.

Fatiha. Kumswalia Mtume. Dua ya maiti. Dua ilinishinda katikati, nikasema kwa Kiswahili. Kimya. Salamu.

Nilisimama tu mwanzo hadi mwisho.

Kisha nyayo zikaondoka, kama za siku ile ya baba.


Alhamisi, 24 Mei

Nguo zake Mama amezichoma. Buti hazikuungua. Mjomba amezizika. Majeshi yaliyouchukua mji mkuu yanasemekana yako karibu na Arua, na atakayekutwa na kifungo kimoja cha shati lile ataulizwa mwenyewe yuko wapi.

Ile sigara bado ninayo.


Jumanne, 29 Mei

Mvua imenyesha asubuhi na udongo wa kaburi umeshuka kidogo. Mjomba ameongeza. Nimepanda maua ya manjano ya porini, lakini mbuzi wa jirani wanayapenda.

Kesho tunavuka. Habuba anasema haendi, kisha anasema anaenda, kisha anauliza kama kule kuna mkeka wa ukindu. Ameanza tabaga nyingine kwa nyuzi za gunia. Haina rangi. Nilimwambia tutapata uzi mwekundu upande wa pili. Ninaamini hivyo, kidogo.

Mchana nilikuwa nimekaa mlangoni. Mama alikuja na mafuta ya simsim kwenye kisahani. Hakuniita. Alikaa nyuma yangu kwenye kigoda akaanza kunipaka kichwani, pale ambapo nywele zimeanza kurudi. Vidole vyake ni vizito. Alipaka kwa muda mrefu kuliko nywele zenyewe. Kwenye fundo la kanga yake nilihisi kile kifurushi cha nywele zangu za zamani kikinigusa mgongoni. Anazibeba mpaka ng'ambo.

Mwishoni alisema neno moja tu.

"Nilikuona nyuma ya ghala."

Nikangoja. Aliendelea kupaka.

Jua limeshuka sasa. Mizigo imefungwa. Nimekuja kukaa karibu na kaburi na daftari hili, na najua hupokei barua, na najua nilisema hakuna atakayesoma ila mimi. Lakini tunaondoka alfajiri, na sitaki kwenda bila jibu lako.

Safari hii sikurukuu, Rajabu. Ilikuwa sawa?